"Soaked" au "drenched"? Jinsi ya kujua umelowa vipi, kwa sisi tunaoishi kwenye mvua

Mwaka juzi niliandika neno moja tu la kingereza kwenye wasap na watu 14 wakala chakula cha mchana saa kumi jioni. Neno lenyewe ni "soaked". Nilikuwa karani kwenye pakihausi moja ya parachichi (ghala la kupangia na kufungashia) huku Rungwe, mkoani Mbeya, ipi sisemi, kazi yangu kuhesabu boksi na kumtumia taarifa mnunuzi wa nje. Sasa siku hiyo paleti, yale majukwaa ya mbao yaliyopangwa boksi, ziko nje, zimeshafungwa nailoni juu mpaka chini, tunasubiri lori la friji lirudi nyuma tupakie, na mvua ya huku si mnaijua haibishi hodi, ikashuka dakika kama kumi hivi lakini ya nguvu kweli kweli, maji yanateremka kwenye nailoni utadhani bomba limepasuka. Mi nikaona nitoe taarifa mapema nionekane mchapakazi, nikaandika "all the pallets are soaked".

Jibu likaja hapo hapo, msipakie. Na ana haki, maana boksi la karatasi likishanywa maji linalegea, ukipanga mengine juu yake la chini linabonyea, parachichi zinachubuka na mzigo unafika umeharibika. Basi tukaanza kufungua nailoni, paleti moja baada ya nyingine, unaingiza mkono unagusa boksi, kavu. Ya pili, kavu. Ya tisa, kavu kau. Vijana wa kupakia wananiangalia, dada wa jikoni kashafunika masufuria, bosi hakunifokea hata kidogo, alisimama tu mlangoni kakunja mikono, na bosi asiyefoka ndo anatisha zaidi.

Nilichotakiwa kuandika ni "the pallets got drenched but the boxes are dry". Yani maji yamemwagika juu yake ya kutosha, ila ndani hayajaingia. Tangu siku hiyo haya maneno mawili nayafuatilia kama mdeni aliyehama mtaa, na nilichokuja kugundua ni kwamba kiswahili chetu kinayatenganisha vizuri tu, sema shuleni tulifundishwa "wet" afu basi tukafunga daftari. Nawawekea hapa hatua kwa hatua, chukua unayoihitaji.

HATUA YA 1: Jiulize maji yameenda wapi

Usianze na kamusi. Ukitafuta "soaked" utaambiwa lowa, ukitafuta "drenched" utaambiwa lowa chapachapa, na hata kamusi za wenyewe kwa wenyewe huko zinaelezea neno moja kwa kutumia la pili, kwaiyo utazunguka weee kama bajaji inayotafuta abiria Kabwe, Mbeya mjini, na ukirudi uko pale pale.

Jiulize swali moja tu: maji yameingia, au yamemwagika?

"Soaked" linaangalia ndani. Maji yamepenya, kitu kimeyanywa, ukikikamua yanatoka. "Drenched" linaangalia wingi wa maji yaliyokikuta hicho kitu, mengi, kutoka nje, mara nyingi kutoka juu na kwa mpigo, yakaingia au yasiingie hilo neno halijali sana.

Mfano wa karibu. Umepanda boda pale Mafiati, mvua ikawakamatia njiani kuelekea Uyole. Dereva kavaa koti la mvua, lile zito la plastiki, wewe uko nyuma na sweta la mtumba. Mkifika koti la dereva linachuruzika, hilo ni "drenched", lakini akilivua shati la ndani kavu kabisa, kwaiyo yeye mwenyewe si "soaked". Wewe sasa. Sweta limekuwa zito kama limewekewa mchanga, ukibana mkono wa sweta maji yanatoka kati ya vidole, soksi zinalia kwachu kwachu kila ukikanyaga. Wewe ni "soaked", na "drenched" pia, yote kwa pamoja, na nauli unalipa ile ile.

Mi huwa natumia hiki kipimo cha kukamua. Kitu unachoweza kukikamua kikatoa maji, "soaked" inakaa: nguo, taulo, godoro, mkate, boksi, udongo, nywele. Kitu kisichonywa maji kama nailoni, bati, kioo cha gari, hapo "soaked" inakuwa inalazimishwa, tafuta neno jingine. Sio sheria ya kuandikwa ukutani, ila itakuokoa mara nyingi.

HATUA YA 2: Shika vitenzi vya kwetu viwili, kuloweka na kunywesha

Hapa ndo penye utamu, tulieni kidogo.

"Soak" ni neno la zamani sana, kwenye kingereza cha kale lilikuwa "socian", na ni ndugu na neno la kunyonya, lile ambalo leo wanasema "suck". Kwaiyo ndani ya "soak" kuna kitu kinanyonya. Maharage yananyonya maji, sponji inanyonya maji, udongo unanyonya maji. Kwetu ni kuloweka, kulowa, kunyonya, familia hiyo. Ukienda kwenye ramani ya nyumba fundi kachora shimo la maji machafu kaandika "soak away pit", ndo hiyo hiyo, shimo ambalo maji yanaingia yakanyonywa na udongo pembeni yakapotea.

"Drench" linatokea kwenye kunywa. Kingereza cha kale walikuwa na "drincan" kunywa na "drencan" kumnywesha mtu au mnyama. Umeona? Ni kunywa na kunywesha, ule ule mchezo wetu wa kuongeza "-sha" mwishoni. Baadaye maana ikahama ikawa kumwagia kitu maji mengi kama vile unakilazimisha kinywe, ila ile maana ya zamani haikufa, imebaki kwa watu wa mifugo mpaka leo.

Na hapo ndo jirani yetu mmoja mzee alipoingia hasara. Ana ng'ombe wa maziwa wa bandani, akanunua dawa ya minyoo, kwenye chupa imeandikwa "oral drench". Akamuuliza mjukuu, mjukuu akafungua simu, simu ikamwambia "drench" ni kulowesha chapachapa, ile "oral" wakairuka kama tunavyoruka sisi wote maneno tusiyoyajua. Mi nimepita jioni kuchukua maziwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hebu nisaidie kitu, ng'ombe nimemlowesha kama walivyoandika, dawa yote imeishia mgongoni. Sasa hawa minyoo watatokea mgongoni kweli?"

Nikaangalia, ng'ombe wa watu anang'aa mgongo mzima, chupa tupu iko juu ya uzio. Nilijing'ata ulimi nisicheke maana mzee mwenyewe hakuwa anacheka.

Kwaiyo chukua hii na umwambie na mwenzako mwenye mifugo: kwenye chupa ya dawa ya mifugo "drench" maana yake ni KUNYWESHA, dawa inapita mdomoni. Kipimo ni kwa uzito wa mnyama, muulize bwana mifugo, na wakati wa kunywesha usimwinue kichwa juu sana kama unamlisha mtoto uji kwa nguvu, dawa inaweza kuingia kwenye mapafu na hapo utakuwa umemuua mwenyewe. Ya kumwagia mgongoni ipo ila huwa imeandikwa "pour on". Na ile ya kumwogesha kwenye josho ni "dip". Maneno matatu, njia tatu tofauti, usichanganye.

Kwa wakulima wa nyanya, ndugu zangu wa Ilula na kwingineko, kuna "drench" nyingine tena kwenye vipaketi vya dawa, "soil drench". Hiyo sio kupulizia majani. Unachanganya dawa na maji unamwagia pale kwenye shina, udongo unakunywa mpaka mizizi inapata. Umeona inavyorudi kule kule kwenye kunywesha? Ukikuta "soak the seeds" hiyo ni mbegu, unaloweka. Mpunga kwa mfano, watu wa Kyela na Mbarali wanaloweka mbegu saa 24, wanachuja, wanafunika kwenye gunia siku moja au mbili zichipue ndo wanapeleka kitaluni. Hakuna anaye-"drench" mbegu za mpunga, maana kumwagia maji na kuondoka hakuchipushi kitu.

HATUA YA 3: Angalia mvua yenyewe ni ya aina gani

Sisi wa nyanda za juu kusini tuna bahati, tunayo maabara ya hili somo bure kabisa kuanzia Novemba mpaka Mei. Tukuyu peke yake inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwaiyo mtu wa Rungwe akishindwa kutofautisha haya maneno atakuwa hajakaa nje.

Kuna yale manyunyu ya Mufindi, hata huyaiti mvua, ni ukungu tu umeamua kushuka. Unatembea kwenye mashamba ya chai huoni tone hata moja, huhisi kitu, nusu saa baadae unashika suruali kwenye goti iko baridi imegandana na mguu. Hiyo ni "soaked". Hakuna kilichomwagika, maji yameingia polepole kama mgeni wa wiki moja. Sawa na umande, ukikatiza kwenye majani saa kumi na mbili asubuhi kwenda kuwahi basi, viatu na pindo za suruali zinakuwa "soaked with dew", na mvua haijanyesha hata tone.

Afu kuna ile ya Aprili Mbeya mjini, uko Mwanjelwa umeshika mfuko wa karanga, unaona mlima Loleza umevaa kofia nyeusi, unasema nina dakika tano, huna. Inashuka kama imeangushwa. Unakimbia hatua ishirini mpaka kwenye kibaraza cha duka na umeshaisha. "I got drenched." Hapo neno linabeba ile ghafla na ule wingi. Ukisema "I got soaked" pia sawa kabisa, hakuna atakayekushangaa, ila unakuwa unasimulia zaidi hali yako baada ya mvua kuliko kile kipigo chenyewe.

Hii ndo namna nyingine ya kuliona: "drenched" linasimulia tukio, "soaked" linasimulia ulivyo sasa hivi. Gari limepita kwenye dimbwi pale Sae likakumwagia, ukimpigia simu rafiki kwa hasira utasema "a lorry drenched me". Ukifika nyumbani mama akakuuliza mbona unatetemeka, utasema "I'm soaked". Mvua moja, dimbwi moja, maneno mawili.

Na sisi tunalo letu ambalo kingereza hawana kwa neno moja, KUNYESHEWA. Nimenyeshewa haisemi umelowa kiasi gani, inasema tu mvua imekukuta huna pa kujificha. Usilitafutie neno moja, sema "I got caught in the rain" kisha ongeza moja ya yale mawili kueleza kiwango. Nimeshaona mtu anaandika "I was rained", jamani hapana.

HATUA YA 4: Kabla hujaandika, angalia kama kitu kinajilowekea chenyewe

Hii ni ndogo ila ndo inayowakamata wengi kwenye mitihani na kwenye barua za kazi.

"Soak" unaweza kuliacha likafanya kazi lenyewe. Maharage unayaweka kwenye maji usiku, unaenda kulala, yenyewe yanaendelea kulowa: "let the beans soak overnight", "leave them to soak". Na kama hujaanza kuloweka maharage anza leo, hasa haya yetu makavu yaliyokaa ghalani, asubuhi unamwaga yale maji unabandika na mapya, yanaiva mapema na mkaa unabaki wa chai. "Drench" haliwezi kukaa hivyo. Huwezi kuyaacha maharage "to drench", lazima awepo mtu au kitu kinachomwaga. Ukimwambia mtu "drench the beans" atayamwagia maji ya kutosha na kuendelea na mambo yake, na utakula mawe.

Vivyo hivyo "I'm soaking" ni sentensi nzima, maana yake nimelowa chapachapa, japo kwa macho inaonekana kama unasema naloweka. Ndo hao hao wanaosema "soaking wet". Lakini "I'm drenching" haimaanishi umelowa, na "drenching wet" watu hawasemi. Sema "I'm drenched". Kwanini iko hivyo mi siwezi kukudanganya kwa maelezo marefu, ni mazoea ya lugha, kama sisi tunavyosema nyeusi tii na nyeupe pee lakini nyeupe tii hatusemi.

Na ukiwa hapo hapo kwenye tii na pee, chukua hii: epuka "very soaked" na "very drenched". Haya maneno tayari yamefika mwisho wa mizani, ni kama kusema nyeusi tii sana, sana ya nini tena. Ukitaka kukoleza tumia "completely" au "absolutely", au "soaked through", au ile ya "soaked to the skin", yani maji yamevuka nguo zote mpaka kwenye ngozi. "Very wet" haina shida, maana "wet" ina ngazi. Mtoto wa dada yangu yupo kidato cha pili alikatwa maksi kwa "very soaked" akaja kwangu analalamika, nikamwambia mwanangu hapo mwalimu yuko sahihi, nenda kale.

HATUA YA 5: Jikoni, jasho, damu na marashi

Maji sio peke yake yanayolowesha, na hapa kila neno lina marafiki wake limewazoea, bora uwashike hivyo hivyo kwa pamoja.

Jasho: "drenched in sweat" ndo utaisikia sana. Umepanda Mlima Rungwe, kilele chake kiko kama mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, umetoka umechoka shati limegandana na mgongo, uko "drenched in sweat". Lile shati ukilitaja peke yake, "my shirt is soaked with sweat", maana shati ndo limenyonya. Hata madaktari wana msemo wao "drenching night sweats", jasho la usiku la kiasi cha kubadilisha shuka, ni moja ya dalili wanazoulizia wakihisi kifua kikuu, kwaiyo ukiulizwa hivyo usijibu kuhusu mvua.

Damu: bandeji ikinyonya damu ni "blood-soaked bandage". Kitambaa kinakunywa, umeshajua.

Marashi: mtu kajimwagia pafyumu mpaka kosta nzima inapiga chafya, "drenched in perfume". Hii naipenda maana inabeba na lawama kidogo ndani yake.

Chakula: chips zimemwagiwa tomato sosi mpaka huzioni, "drenched in sauce". Zikikaa kwenye mfuko na ile sosi nusu saa zikalegea zikawa kama uji, hapo kuna neno la tatu, "soggy", ambalo ni la kitu kilicholowa kikaharibika utamu wake. Mkate uliosahaulika kwenye chai ukavimba, "soaked", na kama umekukera, "soggy". Kuchovya tu haraka na kutoa ni "dip", usiite "soak". Ugali ukifuta nao mchuzi sahanini, ule ugali "soaks up" mchuzi, unaunyonya wote.

Kwa matangazo ya hoteli na utalii utaona "sun-drenched", jua limemwagika kila mahali. Sawa tu, ila ukiwa unaandikia lodji ya Njombe mwezi wa saba acha, wageni watakuja na kaptula.

HATUA YA 6: Lisemwe na liandikwe sawa

"Soaked" ni pigo moja, soukt, mwisho ni t. Sio so-ki-di. "Drenched" nayo pigo moja, drencht. Sisi tunapenda kuweka irabu mwishoni, naelewa, ndo midomo yetu ilivyolelewa, ila hapa ukiongeza "edi" msikilizaji anaanza kutafuta neno jingine.

Angalia na herufi. "Soaked" ukipoteza ile a ukaweka c unapata "socked", na "I got socked" maana yake nimepigwa ngumi. Kuna kijana aliandika kwa msimamizi wake "sorry I'm late, I got socked on the way", akaulizwa kama amesharipoti polisi. Na "drenched" ukianza na t unapata "trenched", ambayo inatoka kwenye "trench", mtaro ule mrefu au handaki. Kwa mvua za Uyole unaweza kuwa "drenched" kisha ukaangukia kwenye "trench", inatokea, ila ni matukio mawili na yaandikwe mawili.

HATUA YA 7: Ukishindwa kabisa

Kwenye maongezi ya kawaida, mtu amelowa na mvua, chagua lolote. "I'm soaked", "I'm drenched", zote sawa, wenyewe wanazichanganya kila siku na hakuna anayesimama kwenye kibaraza kupima. Tofauti inauma pale ambapo kuna mzigo, dawa, mbegu, bima, hospitali, au pesa ya mtu. Hapo usitegemee neno moja, malizia sentensi. "Drenched, but dry inside." "Soaked through, the boxes are soft." Maneno machache ya ziada yangeniokoa kufungua paleti zote zile.

Jipime na hizi, funika majibu kwa mkono:

a) Umesahau nguo kwenye beseni la maji na sabuni tangu jana.
b) Mtoto wa jirani kakumwagia ndoo ya maji kutoka ghorofani, wewe unasimulia.
c) Turubai la lori limepigwa na mvua kutoka Makambako mpaka Igawa, mzigo chini yake mzima.
d) Godoro limelowa, ukilikanyaga maji yanatoka pembeni.
e) Bwana mifugo anampa mbuzi dawa ya minyoo mdomoni.
f) Umetoka Ziwa Ngozi, msitu mzima ulikuwa unadondosha maji, umelowa kuanzia kofia mpaka soksi.

Majibu. a) "soaking", zimeachwa zijilowekee. b) "drenched", ni tukio, na ndoo nzima. c) "drenched", na usirudie kosa langu, ongeza kwamba mzigo ni mkavu. d) "soaked", kipimo cha kukamua, tena hapa unakamua kwa mguu. e) "drench", ya kunywesha, sio ya mgongoni. f) zote mbili sawa, ukitaka kukoleza sema "soaked to the skin". Kama umekosa e peke yake usijali sana, muhimu usiwe na ng'ombe nyumbani.